Mtoto, Mamlaka na Somo la Uraia Ukambani

Katika Kitui na Makueni, kama kwingineko nchini Kenya, vituo vingi vya kupigia kura ni shule za msingi. Kila baada ya miaka mitano, Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, madawati husogezwa kando, masanduku sita yenye vifuniko vya rangi mbalimbali hupangwa chini ya ubao, na watoto wenye darasa lao hubaki nyumbani. Katiba inampa mtu kura akitimiza miaka 18, nasi tumezoea kudhani kwamba hapo ndipo anapoingia katika siasa. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba kufikia siku hiyo amekwisha kuingia zamani. Amekuja na hisia zake kuhusu serikali, na mazoea yake ya kunyamaza au kusema, na imani fulani kuhusu kama neno la mtu wa chini lina uzito wowote. Mambo hayo hakuyapata katika kitabu. Aliyapata kwa kutazama mamlaka yakifanya kazi karibu naye: nyumbani, kanisani, kwa chifu, na zaidi ya kote, shuleni. Ikiwa ni hivyo, basi elimu ya uraia inayoishia kumtajia mtoto vyeo na majukumu haitoshi, na nitaleta ushahidi kwamba wakati mwingine hudhuru.

Wataalamu wa siasa walianza kuwasikiliza watoto kwa makini miaka ya hamsini na sitini ya karne iliyopita. Mwaka wa 1958 Fred Greenstein aliwahoji watoto wa shule katika mji wa New Haven, Marekani, akakuta kwamba mtoto wa miaka tisa anamjua rais na meya wa mji wake kwa jina, anawapenda na kuwaamini, lakini mara nyingi hawezi kueleza kazi yao. Hisia ilitangulia; maarifa yalikuja kupachikwa juu yake miaka kadhaa baadaye. Kwa muda watu wakadhani huo ndio utaratibu wa utoto duniani kote, kwamba mtoto humwona mtawala kama baba mwema. Kisha mwaka wa 1968 Dean Jaros na wenzake wakachapisha matokeo kutoka milima ya mashariki ya Kentucky, ambako watu walikuwa maskini sana na serikali iko mbali nao. Watoto wa huko hawakuwa na baba mwema yeyote ikulu. Wengi walimwona rais kuwa mtu wa kawaida au hata wa kushukiwa. Mimi nauona utafiti huu wa pili kuwa na uzito zaidi kwetu, kwa sababu unatuambia kwamba upendo wa mtoto kwa serikali, au chuki yake, hauzaliwi naye. Unatokana na jinsi serikali inavyokutana na watu wake. Hapa Afrika Mashariki, David Koff na George Von der Muhll walichapisha mwaka wa 1967 ulinganisho wa mitazamo ya kisiasa ya wanafunzi wa Kenya na Tanzania, miaka michache tu baada ya uhuru. Swali hili basi si geni kwetu, ingawa tumeliacha likalala.

Sasa tujiulize serikali inakutanaje na mtoto wa Mutomo, wa Kyuso, wa Kathonzweni au wa Kibwezi. Katika nchi kame kama hii, yenye mvua mbili zisizotegemeka, sura ya kwanza ya serikali kwa vizazi vingi imekuwa gunia. Mvua zikikosa, chakula cha msaada, ambacho Wakamba hukiita mwolyo, huja kwa lori. Orodha ya majina huandikwa, na watu hukusanyika kwa chifu kusubiri kuitwa. Mtoto aliyeshika nguo ya mama yake katika foleni ile anasoma somo refu la siasa. Anaona kwamba serikali hutoa. Anaona kwamba kuna mtu mwenye orodha, na kwamba jina linaweza kuwamo au kukosekana bila sababu kuelezwa. Anaona mama yake, ambaye nyumbani ndiye mwenye kauli, akipunguza sauti mbele ya mwenye kalamu. Sisemi hili ili kuudharau msaada. Njaa si jambo la kufanyiwa nadharia, na mwolyo umeokoa maisha ya watu wengi. Nasema tu kwamba hakuna sura ya kitabu cha Masomo ya Jamii iwezayo kushindana na mchana mmoja wa namna hiyo.

Wakenya waliosoma shule ya msingi miaka ya themanini wana ushahidi mwingine, na naomba tukae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo hoja inapojaribiwa. Utawala wa Rais Moi ulijua vizuri kwamba watoto ni watu wa kisiasa. Maziwa ya Nyayo yalianza kugawiwa shuleni mwaka wa 1979 kama zawadi ya rais. Kiapo cha utiifu kilikaririwa gwarideni. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, uraia uliunganishwa na jiografia na historia katika somo moja lililotahiniwa mwisho wa darasa la nane. Kwa vipimo vya maneno na mazoezi ya kila siku, hakuna kizazi kilichofundishwa utiifu kwa bidii kuliko hicho. Lakini mwaka wa 1988 watoto hao hao walishuhudia uchaguzi wa mlolongo, ambapo watu wazima walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na katika sehemu nyingi mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio ulioshinda. Mtoto wa miaka minane anajua kuhesabu. Walipokua, wengi wao walikuwa miongoni mwa wapigakura walioiondoa KANU, chama cha Moi, madarakani mwezi wa Desemba 2002. Kiapo hakikuwazuia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuna kitu walichobaki nacho ambacho ni kizito kuliko kiapo: matarajio kwamba kiongozi ni mtoaji, na kwamba maendeleo ni zawadi inayofuata shukrani. Maneno yalipita, namna ikabaki. Tunaposikia leo kijana wa miaka 25 akimuuliza mgombea ametuletea nini mfukoni, tusiseme hakufundishwa uraia. Alifundishwa, na waliomfundisha ni wazazi ambao nao walifundishwa hivyo.

Huu ndio wakati wa kulitazama somo lenyewe. Mwanafunzi wa Kenya amekuwa akifundishwa uraia kwa njia moja au nyingine muda wote huu. Baada ya 8-4-4 umekuja mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi katika gredi za chini mwaka wa 2019, na uraia ni mmoja wa umilisi saba wa msingi ambao mtaala huo umeutaja. Hilo ni jambo jema katika karatasi. Lakini karatasi ya mtihani inamuuliza mtoto ataje kazi tatu za gavana, naye anazitaja. Je, kuzitaja kunambadilisha? Kenneth Langton na Kent Jennings walilichunguza swali hili kati ya wanafunzi wa sekondari wa Marekani na kuchapisha majibu yao mwaka wa 1968: idadi ya masomo ya uraia ambayo mwanafunzi alikuwa amesoma haikuleta tofauti kubwa katika maarifa yake, hamu yake ya siasa wala imani yake kwamba anaweza kuathiri serikali. Waliopata mabadiliko ya maana walikuwa wanafunzi Weusi, ambao kwao sehemu ya mambo hayo yalikuwa mapya kweli. Kwa watoto wengine somo lilirudia tu yale waliyokwisha kuyasikia.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Busia, magharibi mwa Kenya, nao unapaswa kutukosesha usingizi. Willa Friedman, Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton waliwafuatilia wasichana wa shule ambazo zilichaguliwa kwa kura kushiriki katika mpango wa ufadhili wa masomo kwa wanaofaulu, wakawalinganisha na wenzao wa shule ambazo hazikuchaguliwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2016, yalionyesha kwamba mpango uliinua alama za mtihani na kuwafikisha wasichana wengi zaidi sekondari. Walipokua, wanawake hao hawakukubali kwa urahisi kupigwa na waume, hawakuyainamia mamlaka bila kuuliza, na walijua mengi zaidi kuhusu siasa. Mpaka hapo tungepiga makofi. Lakini hawakuona kwamba wana uwezo zaidi wa kubadilisha mambo, hawakushiriki zaidi katika shughuli za jamii, na nia yao ya kupiga kura haikuongezeka. Kilichoongezeka ni mtazamo kwamba kutumia nguvu katika siasa kunaweza kuwa halali. Wafikirieni vijana hao. Wamefunguliwa macho wakaona ubovu, kisha wakatazama kushoto na kulia wasione mlango. Mtu anayejua haki zake na hajawahi kuona haki hiyo ikidaiwa na kupatikana kwa njia ya amani ataamini nini? Kwa hiyo nasema maarifa bila mazoezi yanaweza kudhuru, na kwamba hoja ya kuongeza vipindi vya uraia katika ratiba, kama ndiyo hoja yote tuliyo nayo, inakosea shabaha.

Kinachofanya kazi ni nini basi? Uchunguzi mkubwa wa kimataifa wa elimu ya uraia wa mwaka wa 1999, uliowahusisha vijana wapatao 90,000 wa miaka 14 katika nchi 28, ulikuta kwamba darasa ambalo mwanafunzi yuko huru kutoa maoni na kupingana na wenzake ndilo linalozaa maarifa na nia ya kupiga kura. Hapa Kenya, Steven Finkel na wenzake walichunguza mipango ya kitaifa ya elimu ya uraia kwa watu wazima. Katika mpango wa kwanza waliona tofauti kubwa kati ya waliohutubiwa na wale walioshiriki katika majadiliano na maigizo: waliohutubiwa walipata kidogo. Katika mpango wa pili, uliofanyika kabla ya uchaguzi wa 2007, walikuta kwamba watu waliohudhuria na baadaye wakaguswa na machafuko yaliyoufuata uchaguzi huo hawakuikatia tamaa sana demokrasia, hawakuunga mkono sana matumizi ya nguvu ya kikabila, na walikuwa wepesi zaidi wa kusamehe. Huo ni ushindi mkubwa kwa mafunzo ya siku chache tu. Kama mtu mzima aliyekwisha kukomaa katika mazoea yake anaweza kusogezwa hivyo kwa kushirikishwa, itakuwaje kwa mtoto ambaye mazoea yake ndiyo kwanza yanafumwa?

Nimekuja kuzungumza nanyi hapa, wala si Nairobi, kwa sababu kaunti hizi mbili zina kitu ambacho sehemu nyingi za Kenya hazina. Baada ya Katiba ya 2010, Makueni chini ya Profesa Kivutha Kibwana, gavana wake kuanzia 2013 hadi 2022, ilijenga ushirikishwaji wa umma unaoanzia kijijini. Mapendekezo hutoka kijiji, yakaenda kwenye kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, hadi kongamano la kaunti nzima, na wakazi huchagua kamati za maendeleo za watu 11 kuyabeba. Mradi ukikubaliwa, wakazi huunda kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanywa inavyopasa. Chukueni mfano wa ujenzi wa darasa la chekechea, kazi ambayo Katiba imeikabidhi kaunti. Mama wa kijiji, ambaye pengine hakuvuka darasa la saba, anasimama na daftari lake mbele ya mkandarasi. Anahesabu mifuko ya saruji iliyoshushwa. Anauliza kwa nini mabati ni ya geji 32 wakati mkataba umeandika 28. Asipopata jibu, hatii sahihi, na mwenye gari kubwa atalazimika kurudi kesho kuzungumza naye tena. Mtoto anayecheza juu ya lundo la mchanga mita chache kutoka hapo anaona kinyume kabisa cha foleni ya mwolyo. Anaona kalamu ikiwa mkononi mwa mama.

Makueni hiyo hiyo ilipitia pia jambo la kuogofya. Mvutano kati ya gavana na bunge la kaunti kuhusu bajeti ulifika mahali ambapo, mwezi wa Septemba 2014, risasi zilifyatuliwa mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wananchi wangeweza kuendeleza moto huo. Badala yake, makumi ya maelfu walitia sahihi ombi la kutaka serikali ya kaunti isimamishwe kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikaja, ikasikiliza ushahidi hadharani, ikapendekeza isimamishwe kweli. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akalikataa pendekezo hilo, na pande mbili zikalazimika kujifunza kuishi pamoja. Mwaka wa 2017 wapigakura wakatoa hukumu yao. Sijui mfano mwingine wa karibu zaidi na watoto wetu wa ugomvi mkali wa kisiasa uliotolewa mikononi mwa wenye silaha na kurudishwa kwa wenye sahihi. Je, mwanafunzi wa Gredi ya 6 mjini Wote anaufahamu? Anaweza kukuambia idadi ya mihimili ya serikali. Kisa cha mtaani kwao, kilicho na kila kitu ambacho mwalimu wa uraia angetamani, hakimo katika mtihani, kwa hiyo hakimo darasani.

Kitui nayo ina mali yake. Ni kubwa mno, kutoka mpaka wa Tana River hadi pembeni mwa Tsavo, na kuwakutanisha watu wake ni kazi ya gharama. Ndiyo maana iligawanywa katika vijiji 247 vyenye wasimamizi wao. Ina pia mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na wakazi kwa mikono yao kwenye mito ya msimu, kila moja likiwa limehitaji watu kukubaliana nani atakusanya mawe, nani atapika, na maji yakipatikana nani atateka lini. Ukambani kote, mwethya, yaani kundi la kazi ya pamoja, ni shule ya utawala kongwe kuliko serikali yoyote tunayoifahamu. Na tusisahau mwaka wa 1938, pale serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakawaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, hadi Nairobi kudai kumwona gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha uuzaji wa lazima. Somo la historia limelifanya tukio hilo kuwa jina na tarehe. Mtoto hapati kuuliza walijipangaje, walikula nini njiani, nani aliamua waondoke siku ile na si siku nyingine. Hayo ndiyo maswali ya uraia.

Tatizo ninaloliona ni hili. Nje ya uzio wa shule, mkulima wa Makueni anamhoji mkandarasi. Ndani ya uzio, mtoto wake anaishi katika utawala wa amri. Viranja wengi huteuliwa na walimu. Sheria za shule husomwa, hazijadiliwi. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo, lakini watoto wa shule nyingi wanajua kwamba sheria hiyo iko kwenye karatasi na fimbo iko mezani. Hakuna somo la utawala wa sheria linaloweza kuishinda fimbo hiyo, kwa sababu mtoto amekwisha kuelewa kwamba sheria huwafunga wadogo na kuwaacha wakubwa. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina ukweli wake katika malezi, lakini katika uraia inatupotosha, maana samaki aliyekunjwa hubaki amekunjika, nasi tunahitaji watu watakaosimama wima mbele ya mwenye kalamu.

Najua pingamizi, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba siasa shuleni itageuka kampeni, hasa katika eneo ambalo kwa muda mrefu limepiga kura kwa pamoja kumfuata kiongozi wake. Hofu hii ina msingi. Lakini tuitazame vizuri. Jennings na Richard Niemi, mwaka huo wa 1968, walionyesha kwamba wazazi wa Marekani waliwarithisha watoto chama kwa nguvu, lakini misimamo mingine ilirithiwa kwa udhaifu sana. Mtoto wa Mwingi atasikia habari za mtu wetu na chama chetu mezani na kwenye redio za Kikamba, iwe shule inataka au haitaki. Upande wa kushangilia anaupata nyumbani. Asichokipata kwa hakika ni mazoea ya kumdai hesabu yule anayemshangilia. Shule ikinyamaza, haiwi nje ya siasa. Inaziachia kampeni ziwe mwalimu wa pekee. Na mambo ninayopendekeza watoto wayaamue, kama matumizi ya tangi la maji au ratiba ya uwanja wa michezo, hayana chama.

Pingamizi la pili ni la nidhamu, na walimu hulitaja kwa uchungu unaostahili heshima. Shule zetu za mabweni zimeungua. Tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Kyanguli, jirani zetu wa Machakos, moto uliowashwa wakati wanafunzi wakinung'unikia matokeo ya mtihani yaliyofutwa pamoja na karo. Mtu ataniuliza: watoto wa namna hiyo ndio unaotaka kuwapa madaraka zaidi? Najibu kwamba manung'uniko yasiyo na mahali pa kupelekwa ndiyo hatari yenyewe, na taifa lilikwisha kuligundua hilo. Baada ya wimbi la migomo ya 2008, mwaka uliofuata mfumo wa mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa ukaanzishwa katika shule za sekondari, na sheria ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika bodi ya shule. Sidai kwamba mabaraza yamemaliza migomo. Mahali pengi ni viranja wale wale chini ya jina jipya. Lakini kurudi kwenye ukimya ni kurudi kwenye hali iliyotuzikisha watoto.

Wengine watasema simu imekwisha kuimaliza hoja hii: vijana wa Juni 2024 walijifunza uraia mtandaoni, bila mwalimu. Ni kweli kwamba walichukua Muswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za mama kwenye video fupi, na tarehe 26 Juni rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mimi naliona tukio hilo kuwa uthibitisho wa ninayosema, kwa maana walijifunza kwa kushika hati halisi inayogusa mkate wao. Lakini makumi ya watu walikufa katika maandamano hayo. Nchi ambayo vijana wake wanakutana na bajeti kwa mara ya kwanza barabarani, mbele ya bunduki, imechelewa. Hati hiyo walistahili kuikuta miaka kumi kabla, katika umbo dogo, mahali penye usalama, pamoja na watu wazima wanaowajibu.

Na mahali hapo papo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika vifungu vya 98 hadi 101, inazitaka kaunti ziwe na mfumo wa elimu ya uraia. Shule za msingi ni za serikali kuu, hilo nalijua, na kaunti haiwezi kuingia darasani kuamrisha. Lakini maji, chekechea, viwanja, maktaba na miti ni mambo ya kaunti, na watoto ndio watumiaji wake wakubwa. Wawakilishi wadi wa Kitui na Makueni wanaweza kutenga kiasi kidogo katika kila wadi ambacho wanafunzi wa gredi za juu watakijadili, watakipigia kura na kukisimamia, sahihi yao ikihitajika pamoja na ya kamati kabla ya malipo. Walimu wakuu hawana haja ya kusubiri hata hilo. Wanaweza kuwaachia wanafunzi uchaguzi wa viranja, kuwasomea hesabu ya pesa za chakula cha mchana, na kuiweka fimbo mahali sheria ilipoiweka.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mikutano ya vijijini huitishwa miezi kadhaa kabla ya hapo kwa matangazo ya kanisani, sokoni na redioni. Naomba mwaka huu wa fedha unaokuja, tangazo hilo lisomwe gwarideni pia, katika kila shule ya kaunti hizi mbili, na viti vya mbele mkutanoni waachiwe watoto.